Mara Tisa

Kazi yangu ilikuwa kukaa kushoto, nyuma ya pazia la khaki,
na daftari, na tochi ya betri mbili,
nimnong'oneze Nkwimba Ndaki maneno yakimkauka.
Hayakumkauka sana. Mara tisa katika miaka kumi na minne.
Niliziandika.

Alitoka zamu ya usiku kiwandani na pamba kwenye nyusi,
akapanda jukwaani hajanawa, tayari bibi kizee.
Kiingilio shilingi tano, au kisado cha dagaa.
Watu wa Mwaloni walicheka,
kisha mmoja mmoja wakaacha kucheka.
Wakubwa waliona. Wakampeleka Kiev
miaka mitatu, kusomea jukwaa,
akarudi na koti.

Koti lile! Zito kama ng'ombe aliyenyeshewa.
Lingefaa nini Mwanza? Tulilitumia.
Lilikuwa mtemi. Lilikuwa mkoloni.
Lilipogeuzwa nje ndani lilikuwa fisi,
na usiku mmoja, Nkwimba alipolikunja na kulipakata,
lilikuwa mtoto aliyekufa,
mpaka mama mmoja wa safu ya mbele
akavua kanga yake akaja kulifunika.
Hilo halikuwa kwenye daftari.

Kule, alisema, kuna mto mpana na theluji, ila mawe hakuna.
"Nilikuwa naota yananiporomokea, yale ya Igogo,
naamka nimefurahi."

Chama kilimwomba sauti kwanza, kwa mikutano tu.
Baadaye uso.
Baadaye jina.
Siku ya kiapo aliapa kuwashinda wote,
maana alijua pa kuvuta pumzi.

Sitamsema vibaya.
Aligombana na mweka hazina kwa ajili ya taa nne za jukwaa,
akapata mbili.
Aligombana ili wacheza wigashe wapewe nauli ya kurudi
na si ya kuja peke yake. Akaipata.
Mengine yalikuwa kofia za mbio za mwenge,
fulana, maji ya chupa, posho,
mgeni rasmi kachelewa, ngoma ipigwe tena.

Ajenda namba saba: ukumbi wetu wa Mabatini.
Mwekezaji. Fremu arobaini na mbili za maduka.
Ukumbi wa kisasa awamu ya pili.
Nilikaa benchi la wananchi, nyuma, chini ya feni mbovu.
Juu ya bati korongo walikuwa wakitembea
kama watu waliovaa viatu vya kuazima.
Mwenyekiti akasema, "Mheshimiwa Ndaki."

Akasimama. Akanyamaza.
Mimi nakijua kimya cha kusahau,
nakijua na kimya cha kuigiza.
Kile kilikuwa cha tatu.
Akageuza shingo kushoto, kidogo tu,
kule ambako kwa miaka kumi na minne nilikuwa nimekaa
na ambako sasa kulikuwa na kopo la taka na picha ya kiongozi.

Midomo yangu ilifunguka. Sikuwa na daftari.

"Naunga mkono hoja," alisema,
na sauti ikafika hadi ukutani, kama alivyofunzwa.

Wiki ile ile katapila lilikula ukumbi.
Usiku alipanda kwangu, juu, kati ya mawe, anahema,
na koti ndani ya salfeti.
Chini yetu ziwa lilikuwa na taa za wavuvi wa dagaa,
nyingi, kama watazamaji waliokataa kuondoka.
Nikamuuliza, "Nani alikuandikia sentensi ile?"
"Ungeninong'oneza," akasema.
"Ningekunong'oneza nini?"
Akakuna goti. Akaomba maji. Akanywa yote.

Koti liko msumarini. Panya wameanza na mfuko wa kulia.
Awamu ya pili bado.
Na kwenye daftari, chini ya ile mara ya tisa,
nimeandika tarehe ya kikao,
nikaifuta, nikaiandika tena kwa penseli.